Saa inayoonyesha magurudumu si lazima iwe kazi ya mkono

Ujumbe unazunguka tena katika makundi ya simu hapa Goma: saa ya mkono inayoonyesha magurudumu yake imenakshiwa kwa mkono, na vijiwe vyekundu vya ndani ni rubi, vito vya thamani vya kuuza.

Sivyo. Nyingi hutobolewa na kutiwa nakshi kwa mashine. Azima lenzi ya fundi saa: mkato wa patasi ya mkono hung'aa, una kingo kali, na hata maua mawili ya nakshi hayafanani sawasawa. Mashine hurudia umbo lilelile. Vijiwe ni rubi kweli (hapo ndipo tunapochanganyikiwa, sisi watu wa nchi ya madini), lakini vimekuwa vikitengenezwa viwandani kwa zaidi ya miaka 100, bei yake ndogo. Kazi yake kupunguza msuguano. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.