Mzibo wa sikio: maana yake, na kwa nini hedifoni mpya hukosa besi

Mzibo, katika habari za hedifoni, ni hali ya kifaa kukaa ndani ya sikio, au juu yake, kiasi kwamba hewa iliyo kati ya spika ndogo na ngoma ya sikio haina pa kutokea. Haununuliwi peke yake, wala hauandikwi kwenye boksi. Hupatikana au hukosekana pale kifaa kinapokutana na sikio la mtu fulani. Ndiyo maana hedifoni ileile yaweza kumpendeza muuzaji katikati ya Kampala, ikamchukiza mteja aliyeondoka nayo, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Mtazame fundi wa baiskeli anapojaribu pampu. Huziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha husukuma mpini. Kidole kikiziba barabara, mpini hugoma. Kikiacha upenyo, hata mwembamba kama uzi, mpini ukisukumwa polepole hushuka tu, kwa sababu hewa imepata muda wa kuponyoka, ilhali ukisukumwa kwa ghafla bado hugota. Besi ndiyo ule msukumo wa polepole. Uzi mnene kuliko wote wa gita la besi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na katika kila mtikisiko hewa hupata nafasi ya kutorokea kwenye upenyo kabla haijaisukuma ngoma ya sikio. Mlio wa matoazi, unaotikisika maelfu ya mara kwa sekunde, hauipi nafasi hiyo. Kwa hiyo mzibo ukivuja, muziki haupungui wote. Hupotea tabaka lake la chini, na msikilizaji akabaki na sauti nyembamba, kali, ya bati.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa hedifoni za kuchomeka sikioni, ambazo spika yake mara nyingi haizidi milimita 10 kwa upana. Ukiiweka mezani huku inacheza, husikii besi hata kidogo. Uwezo wake wote wa kutoa sauti nzito unatokana na kile kichumba kidogo cha hewa ndani ya sikio, nacho hakifanyi kazi kikiwa na tundu.

Niliyajua haya kwa kuchelewa. Nilinunua hedifoni katika duka ambalo lilikuwa limeweka spika kubwa mlangoni, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kujaribu chochote kwa utulivu, nikaenda nazo nyumbani na kusikiliza embaire, ile marimba kubwa ya Wasoga ambayo mbao zake hupangwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini. Nikasikia vijiti vikigonga mbao tu, utadhani shimo limefukiwa. Kesho yake nilizirudisha nikiwa na hasira. Muuzaji hakubisha. “Ssebo, shika sikio ulivute juu, kwa nyuma kidogo,” akasema, “halafu ingiza.” Nilipofanya hivyo akavitoa vile vipira vya mpira vilivyokuwa vimevalishwa tayari, akaweka vikubwa zaidi kutoka kwenye kifuko ambacho mimi nilikiacha ndani ya boksi bila kukifungua. “Sasa sema mmm.” Nikasema, na sauti yangu ikavuma kichwani kama ya mtu anayezungumza ndani ya tangi la maji.

Mvumo huo ndio kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua, tena hauhitaji muziki. Sikio lililozibwa vizuri humrudishia mtu sauti yake mwenyewe, pamoja na kutafuna kwake na vishindo vya nyayo zake. Kipimo cha pili ni kubonyeza hedifoni kidogo kwa vidole wakati wimbo unaendelea: besi ikirudi ghafla na kupotea ukiachia, kifaa hakina ubovu, ni mzibo tu unaovuja. Tena masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane, hivyo si ajabu la kushoto likahitaji kipira kikubwa na la kulia cha kati. Hedifoni za kufunika sikio nazo huvuja, ila mahali pengine: kwenye mikono ya miwani, kwenye misuko minene, chini ya hijabu, au pale ngozi bandia ya mto wake ilipobanduka kwa jasho.

Kuna wauzaji wanaomwambia mteja asubiri, eti spika “zitafunguka” baada ya siku kadhaa za kucheza. Mimi sishauri kusubiri. Mto wa hedifoni hulainika kidogo, na sikio huizoea sauti mpya, lakini upenyo haujizibi, na huku unangoja, siku za kurudisha bidhaa zinakwisha. Wengine huongeza sauti, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa kuwa upenyo unaoitoa besi ndio huohuo unaoingiza ngurumo za injini za stendi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asisikilize zaidi ya saa 40 kwa wiki kwa sauti yenye ukubwa wa desibeli 80.

Yapo makosa mawili yanayofanana na mzibo mbovu, nayo hutambulika kwa kuuliza ni tabaka gani la muziki limeliwa. Ikiwa mwimbaji ametoweka au anasikika kama yuko chumba cha pili, shaka iende kwenye pini: haijaingia hadi mwisho, mara nyingi kwa vumbi la mfukoni lililoshindiliwa ndani ya tundu la simu. Ikiwa muziki wote umekuwa kama wa simu ya mezani, na hedifoni ni za Bluetooth, huenda programu fulani, mathalani ya mikutano, imeshikilia maikrofoni na kuzilazimisha zifanye kazi kwa namna ya kupigia simu, ambayo kwa mfumo wake wa zamani haivuki hezi 4,000, yaani mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Ifunge programu hiyo, muziki urudi.

Mtu akishajaribu vipira vyote bila mafanikio, ana haki ya kutafuta kitu kingine. Vipira vya sponji huminywa kwa vidole, huingizwa, kisha hutanuka vyenyewe kufuata umbo la sikio. Ni nafuu kuliko hedifoni mpya, na kwangu ndivyo vya kujaribiwa kwanza. Asiyependa kitu ndani ya sikio achukue za kufunika sikio lote. Zile ngumu zisizo na kipira, kama EarPods za Apple, haziwezi kuziba sawasawa, na hilo ni umbo lake, si ubovu. Zipo pia zilizoachwa wazi nyuma kwa makusudi, kama Sennheiser HD 600, ambazo hutegemea spika pana badala ya mzibo na huwapendeza wengi chumbani. Lakini ukinzani wake kwa umeme ni mkubwa, omu 300, kwa hiyo simu nyingi huziendesha kwa unyonge, na ukipanda nazo taksi ya kwenda Ntinda utamsikia kondakta vizuri kuliko gita.