Gridi ya umeme ya kisasa ni nini? Mfano wa Malindi na Lamu

Gridi ya umeme ni mtandao mzima unaoanzia kwenye mitambo ya kuzalisha, ukapita kwenye nyaya za volti kubwa, vituo vya kupunguza nguvu, transfoma za mtaani, mpaka kwenye mita iliyo ukutani kwako. Mtu akisikia gridi inafanywa ya kisasa, haraka huwaza nguzo mpya na waya mpya. Hivyo vimo, na vina gharama kubwa, ila mimi naona ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kanuni: nani aruhusiwe kuingiza umeme kwenye waya huo, kwa bei gani, saa ngapi, na hasara ya umeme unaopotea njiani aibebe nani.

Pwani yetu ya kaskazini hapa Kenya inafaa sana kulieleza jambo hili, maana hapa waya ulitangulia, kanuni zikafuata nyuma. Lamu ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikiendeshwa na jenereta za dizeli. Bei ya stima ilikuwa ile ile ya Nairobi, lakini mafuta yaliyochomwa yalikuwa ghali, na gharama yake iligawanywa kwa wateja wa nchi nzima bila wengi kujua. Katikati ya muongo uliopita ikaja laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai, karibu na Mombasa, ikapitia Malindi na Garsen hadi Lamu, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Dizeli ikaacha kuwa tegemeo la mji. Lakini anayekaa mwisho wa laini hurithi shida za laini nzima: radi ikipiga huku nyuma, au chumvi ya bahari ikigandamana kwenye vikombe vya kushikilia nyaya hadi umeme ukavuja, giza huanza kwake.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu bila jambo hili mengine hayaeleweki. Umeme wa gridi, ukiacha kidogo kinachoingia kwenye betri, hauwekwi ghalani. Kila sekunde, kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika. Mitambo mikubwa inayozunguka, ya mvuke wa ardhini kule Olkaria, ya mafuta mazito kule Rabai, na ya maji ya Mto Tana (maji yale yale yanayokuja kumwagika Kipini), yote huenda kwa mdundo mmoja wa mara 50 kwa sekunde, mfano wa wapiga makasia ndani ya chombo kimoja. Mmoja akiacha ghafla, waliobaki huelemewa na mdundo hushuka. Ukishuka kupita kiasi, mitambo hujizima yenyewe isiharibike, mmoja baada ya mwingine, na nchi ikalala gizani.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 25 Agosti 2023. Kampuni ya kusambaza umeme ilisema chanzo ni kupotea kwa megawati 270 za shamba la upepo la Ziwa Turkana. Wenye shamba wakajibu kwamba walilazimika kutoka kwa sababu volti ya gridi yenyewe ilikuwa imepanda kupita kiasi. Ubishi wa namna hiyo ni dalili ya gridi isiyojiona vizuri. Gridi ya kisasa ina vipimo katika kila kituo muhimu vinavyonakili hali ya volti na mdundo kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, hivyo hujulikana hitilafu ilianzia wapi. Ina swichi zinazojifungua na kujifunga zenyewe ili tawi likianguka Gede lisizime Watamu na Malindi pamoja. Na ina betri kubwa zinazoweza kumwaga umeme papo hapo wakati mtambo mmoja unapotoka.

Ukishaelewa mdundo huo, hata kesi ya Kwasasi, kule Lamu, utaisoma kwa jicho jingine. Mradi wa makaa ya mawe wa Lamu ulikusudiwa kuwa wa megawati 1,050, kwa mitambo mitatu ya 350 kila mmoja. Wakati ule nchi nzima, saa ya matumizi makubwa kabisa, haikuwa imefika megawati 2,000. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linaloamua kesi za mazingira lilifuta leseni ya mazingira ya mradi huo, sababu moja kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wanaikumbuka kama kesi ya moshi, mikoko na samaki, na haki yao. Mimi naiona vilevile kama kesi ya gridi. Mtambo mmoja wa 350 ukitoka katika nchi ndogo kiumeme namna ile, pengo lake ni zito kuzibwa. Tena mikataba ya mitambo mikubwa kwa kawaida humtaka mnunuzi alipie uwezo wa mtambo hata siku ambayo umeme wake hautakiwi, na malipo hayo hayana pa kwenda ila kwenye bei ya uniti. Kushirikisha wananchi, ambako wengine hukuona kama kuchelewesha maendeleo, ndiko mahali pekee ambapo mvuvi wa Lamu angeweza kuuliza: umeme wote huu ni wa nani?

Sasa njoo Langobaya, bara ya Malindi. Kuna shamba la sola la megawati 40 lililoanza kazi mwishoni mwa 2021. Umeme wake ni safi na hauhitaji hata tone la mafuta, lakini unafuata jua. Unafurika adhuhuri, unapungua alasiri, na Maghribi umekwisha. Matumizi ya Wakenya yanakwenda kinyume: kilele chake, ambacho sasa kimepita megawati 2,300, huja jioni watu wakiwa nyumbani, taa na feni na televisheni zote zinafanya kazi. Pengo hilo hapa pwani hujazwa kwa sehemu na mitambo ya mafuta, na ndiyo maana ujumbe wa tokeni unakuja na kipengele cha gharama ya mafuta. Dawa moja ni betri. Dawa nyingine, ya bei nafuu zaidi, ni kuhamisha matumizi kwa kuchezesha bei. Kenya ilianza Desemba 2017 kuwapa wenye viwanda na biashara kubwa punguzo la nusu bei kwa umeme wa ziada wanaoutumia saa za usiku wa manane. Kwa mtu anayegandisha barafu ya samaki, mpango wa bei kwa saa ungekuwa neema, kwani barafu haijali imegandishwa saa ngapi. Mwenye kibanda kidogo, hata hivyo, hayumo kwenye mpango huo.

Sheria iliyofungua milango mingi ni Sheria ya Kawi ya 2019. Ndiyo iliyoipa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, sura iliyo nayo leo, na ndiyo iliyoondoa dhana kwamba ni kampuni moja tu inayoweza kumuuzia mwananchi stima. Ndani yake mna pia kifungu kinachomruhusu mteja mwenye mtambo wake wa kawi jadidifu (kama ya jua au upepo) usiozidi megawati moja kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi. Chukua hoteli ya Malindi yenye sola juu ya paa. Msimu wa wageni inaumaliza umeme wake wote kwa viyoyozi. Mwezi Mei mvua zinanyesha, vyumba vitupu, lakini siku jua likitoka paneli zinazalisha na hakuna wa kutumia. Kwa utaratibu huu mita inahesabu pande mbili, na uniti zilizotoka hukatwa kwenye zile zitakazoingia baadaye.

Kanuni za kutekeleza utaratibu huo zilitoka 2024, miaka mitano baada ya sheria, na zinatoa nusu uniti kwa kila uniti moja uliyoipeleka. Wengine wanaita dhuluma. Mimi sikubali moja kwa moja: waya, transfoma na mafundi ni gharama, na mwenye sola bado anavitegemea usiku. Akilipwa uniti kwa uniti, gharama hiyo itamwangukia jirani asiye na paa la kuwekea paneli. Ila nusu nayo inaweza kuwa kidogo mno kwa mtu anayepiga hesabu ya mkopo, na atakachofanya ni kununua betri na kuipa gridi kisogo.

Kuhusu umeme unaopotea njiani, kwa wizi na kwa nyaya chakavu, udhibiti una ujanja wake. Miaka ya karibuni zaidi ya moja ya tano ya umeme ulionunuliwa na msambazaji haikufika kwenye bili. EPRA huweka kikomo cha hasara inayoweza kuingizwa kwenye bei, na inayozidi hapo humezwa na kampuni. Kikomo hicho kikibana, mita erevu, zinazotuma vipimo zenyewe, na vipimo vya laini huwa na faida inayoonekana kwenye hesabu za kampuni. Kikilegezwa, tunalipa sisi.

Linabaki suala la visiwa na vijiji vya mbali. Lamu na Kilifi ni miongoni mwa kaunti 14 za mradi wa serikali wa sola nje ya gridi, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wazo ni gridi ndogo: paneli, betri na nyaya za kijiji kimoja. Swali lake ni la kisheria kuliko la kifundi. Waya wa taifa ukifika kijijini baada ya miaka minane, ile gridi ndogo ivunjwe, inunuliwe, au iungwe iwe inauza umeme kwenye gridi kubwa? Mwekezaji anataka jibu kabla hajashusha paneli ya kwanza gatini. Na kwa sehemu kama Kiunga, kule mpakani na Somalia, jibu la tatu lina mvuto wake, kwa kuwa laini ndefu ikikatika, betri za kijiji zinaweza kuendelea kuwasha friji ya chanjo ya zahanati mpaka mafundi wafike.