Dozi: kidonge cha sasa hivi au pakiti nzima?

Kwa Kiingereza, dose ni kiasi cha dawa kinachotumiwa kwa mara moja. Lilipoingia kwetu, neno hili lilinenepa. Mtu wa Kirumba, Mwanza, akisema "sijamaliza dozi" anamaanisha dawa zote alizoandikiwa, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. (Na timu ikifungwa mabao matano, imepewa dozi nene.) Hakuna kosa hapo. Shida huja muuza dawa anaposema "dozi yako ni vidonge vinne", mgonjwa akadhani akishameza vinne kamaliza.

Chukua dawa ya mseto ya malaria, ALu. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne kwa mara moja, mara sita ndani ya siku tatu: jumla 24. Mara ya pili ni masaa manane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani jioni avibebe vya jioni. Imezwe na maziwa au chakula chenye mafuta, maana bila mafuta dawa huingia kidogo kwenye damu. Ukitapika ndani ya nusu saa, meza vingine vinne. Homa ikishuka mapema, wengi huweka vilivyobaki "akiba", na vimelea navyo hubaki mwilini.

Kwenye kibahasha utakuta "2x3, 5/7": viwili, kutwa mara tatu, siku tano, yaani vidonge 30. Kutwa kwa kawaida ni mchana, lakini kwenye dawa huhesabiwa pamoja na usiku. Basi ni kila masaa manane, mathalani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Anayevimaliza kati ya chai na magharibi analala usiku kucha dawa ikipungua mwilini.

Kwa kichocho, maana zote mbili hukutana. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula, mara moja basi. Ila dawa hii haiui minyoo michanga ya kichocho. Ndiyo maana anayeshinda majini anaweza kuandikiwa tena baadaye, na jirani akasema ile dozi ilikuwa feki.