Mrija wa pafu usioanzia mahali pake: yanayosemwa na yalivyo

Majibu ya CT ya kifua (picha za ndani zinazopigwa kwa mashine ya kompyuta) yakitaja "bronkasi ya trakea", familia nzima hukosa usingizi. Kwa kawaida bomba la hewa hushuka kifuani hadi njia panda, kisha hutoa tawi moja kwa kila pafu. Kwa watu wachache, kati ya 1 na 20 katika kila 1,000, mrija wa sehemu ya juu ya pafu la kulia hausubiri njia panda. Hutokea ubavuni mwa bomba lenyewe, mara nyingi si zaidi ya sentimita 2 juu ya njia panda. Hiyo ndiyo bronkasi ya trakea.

"Mama alikunywa maji ya baridi akiwa mjamzito." Aachwe mama wa watu. Pafu huanza kuchipua wiki ya 4 baada ya mimba kutungwa, na kufikia wiki ya 5 matawi makuu yameshatokeza. Wengi wakati huo ndiyo kwanza wanajishuku.

"Ana kiungo cha nguruwe." Madaktari huuita mrija huu pia "bronkasi ya nguruwe" kwa kuwa nguruwe wanao. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wanao pia! Buchani, omba uonyeshwe mapafu ya mbuzi yakiwa bado na koo lake: upande wa kulia utauona mrija ukichomoza kabla ya njia panda.

"Lazima apasuliwe." Wengi huzeeka nao bila kujua. Upasuaji hufikiriwa pale nimonia inaporudi kila mara palepale, juu kulia, kwa sababu makohozi hayatoki vizuri. Mtoto wa hivyo huweza kutibiwa pumu bila nafuu, maana eksirei ya kawaida haiuonyeshi mrija huo kwa urahisi.

"Kama hauumi, usahau." Hapo sikubaliani kabisa. Mgonjwa akipewa nusu kaputi, mpira wa kupumulia huingizwa kwenye bomba la hewa, na kiputo karibu na ncha yake hujazwa upepo. Kiputo kikiziba mdomo wa mrija ule, sehemu ya juu ya pafu la kulia husinyaa na oksijeni hushuka. Mpira ukipotea njia ukaingia humo, ni mbaya zaidi: hewa yote huenda kwenye kipande kimoja cha pafu. Daktari wa usingizi akijua mapema, hupanga mpira uishie wapi. Kwa hiyo hata kama ni operesheni ya ngiri au tonsili, mpe majibu ya CT kabla ya siku yenyewe.