Miaka 18 na Mtoto wa Malezi ya Kambo: Tunayoyaamini na Yalivyo

"Mtoto akishapata familia ya kambo, mambo ya mahakama yamekwisha."

Hayajaisha. Familia ya kambo hapa ni ile inayomlea kwa muda mtoto ambaye si wao. Kwetu Tanzania, amri ya matunzo, yaani ile inayomweka mtoto chini ya uangalizi, hutolewa na Mahakama ya Watoto na ina ukomo: miaka 3, au siku anapofikisha miaka 18, lolote litakalotangulia. Mtoto wa Igoma, Mwanza, aliyewekewa amri akiwa na miaka 11, muda wake unakwisha akiwa na 14. Afisa ustawi wa jamii asipolirudisha suala mahakamani mapema, mtoto anabaki kwa watu wema bila amri inayomlinda. Ndiyo maana nawasihi walezi: iulizeni tarehe ya mwisho, na muiandike.

"Mtoto hana la kusema mbele ya hakimu."

Analo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni yake. Shauri husikilizwa faragha na afisa ustawi wa jamii akiwepo. Kijana wa miaka 16 anajua anataka chuo cha ufundi cha VETA au kidato cha tano. Aulizwe yeye.

"Mlezi wa kambo ni sawa na aliyeasili."

Si sawa. Kuasili, yaani kumfanya mtoto kuwa wako kisheria, kunahitaji amri yake ya mahakama, na anayeasiliwa ni mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18. Mkiahirisha, mlango unafungwa.

"Hata akiwa mtu mzima, mahakama itaendelea kumwangalia."

Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Marekani, sheria ya mwaka 2008 iliyaruhusu majimbo kuendeleza malezi hadi miaka 21, na katika siku 90 za mwisho kabla kijana hajaondoka lazima uandaliwe mpango wa maisha yake: makazi, afya, elimu, kazi. Kwetu amri ya matunzo inakoma kwenye 18. Kwa hiyo maandalizi yafanyike mahakama ikiwa bado ina sauti. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kitangulie, maana bila hicho namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, inakuwa safari ndefu, na bila NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake. Kijana anayebeba dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba atalipwa kupitia simu ya mtu mwingine, na atategemea huruma yake. Kama ni yatima na anataka mkopo wa chuo, atadaiwa vyeti vya vifo vya wazazi. Akiwa na miaka 17, afisa ustawi bado ana jalada lake mezani. Mwombeni aanze kuvifuatilia sasa.