Umetoka kwenye usaili? Simu iwe hewani

Nimekaa kwenye majopo ya usaili hapa Mbeya kwa miaka tisa, nikiwa afisa rasilimali watu. Wanaojibu vizuri chumbani kisha kazi ikawaponyoka mlangoni ni wengi kuliko mnavyodhani.

Kuna kijana wa stoo aliyewashinda wote. Tulimpigia siku tatu, hapatikani. Alikuwa Kyela anavuna mpunga, na laini aliyoiandika kwenye CV alishamwachia dada yake. Nikampigia mdhamini wake, yule aliyemwandika kwenye CV atuthibitishie sifa zake. Kimya kidogo, halafu: "Nani huyo? Mbona sijaambiwa?" Nafasi ikaenda kwa mshindi wa pili.

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala ya Uyole, watumie wadhamini ujumbe: kampuni gani, kazi gani, wategemee simu. Kama unakwenda shamba ambako mtandao unashika juu ya kichuguu tu, tuachie namba ya pili, ya mtu asiyepokea kwa "we nani?"

Usiku huohuo andika maswali uliyoulizwa. Dada mmoja wa Tukuyu alinionyesha daftari lake: swali, alichojibu, alichopaswa kujibu. Swali la mzigo wa stoo kutolingana na leja lilikuwa limemkuta mara mbili. Mara ya tatu alilijibu kama analisoma.

Barua pepe ya shukrani, mistari mitatu yatosha. Tukisema wiki mbili, subiri ziishe ndipo uulize, mara moja. Kunivizia Mwanjelwa nikichagua viazi hakukuongezei alama.

Serikalini utaratibu ni mwingine. Matokeo ya Sekretarieti ya Ajira yafuatilie kwenye tovuti yao na kwenye akaunti yako ya Ajira Portal. Ukifaulu na nafasi zikajaa, unaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kituo baadaye, usikate tamaa mapema. Anayekutumia ujumbe wa "hela ya kufungua faili" ni tapeli. Upeleke ujumbe wake 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Na kama una kazi, usiiache kabla ya kushika mkataba mpya. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Tukikuuliza unaanza lini, sema hivyo bila woga. Mwenye kazi kwingine akinijibu "hata kesho, bosi", mimi huwaza sisi naye atatuaga vipi.