Dhana potofu katika kuzungumzia usalama wa mtandao na faragha

Watu wanaojadili usalama wa mtandao hukwama mapema, kabla hata hawajaigusa teknolojia yenyewe. Hukwama kwenye swali la nini kisemwe, lini, na mbele ya nani. Hapo ndipo dhana potofu zinapofanya uharibifu wake mkubwa.

Dhana: Kutaja udhaifu hadharani ni kuwafundisha wezi

Hofu hii ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, fundi kufuli Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alizifungua bila ufunguo kufuli za Chubb na Bramah, ambazo zilisifika kwamba hazifunguki. Wapo waliomlaumu kwa kufichua siri hiyo. Lakini wizi ni kazi ya mwizi, na kazi yake huijua. Aliyekuwa gizani ni mwenye mlango, aliyelala usingizi akiamini kufuli ambayo haikustahili imani hiyo. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kanuni ambayo wataalamu wa usimbaji, yaani kuficha ujumbe kwa ufunguo wa siri, bado wanaifuata: mfumo uwe salama hata adui akiujua wote, ilimradi tu haujui ufunguo.

Tuliona mwaka 2017 siri inavyoweza kugeuka janga. NSA, shirika la ujasusi la Marekani, lilikuwa limegundua kasoro katika Windows na kuitumia kimyakimya kwa shughuli zake. Zana iliyoitumia kasoro hiyo ikaibiwa, na Aprili kundi lililojiita Shadow Brokers likaimwaga mtandaoni. Tarehe 12 Mei programu hasidi ya WannaCry ikaitumia kufunga mafaili ya watu na kudai malipo katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo tangu Machi, na kompyuta zilizokuwa zimesasishwa hazikuingilika kwa njia hiyo.

Dhana: Basi ukigundua kasoro, imwage yote papo hapo

Hapana. Uwazi una utaratibu wake, na mimi nauheshimu sana. Anayeweza kuiziba kasoro ndiye anayeambiwa kwanza, kwa faragha, akapewa muda unaojulikana. Kikosi cha Project Zero cha Google, kinachotafuta kasoro za usalama katika programu na kilichoanza mwaka 2014, huwapa watengenezaji siku 90. Muda huo una maana pande zote mbili: mtengenezaji anapata nafasi ya kurekebisha, lakini hawezi kulikalia jambo milele.

Mfano ninaoupenda ni wa Dan Kaminsky. Mwaka 2008 aligundua kasoro katika DNS, mfumo unaobadili majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Mhalifu angeweza kuitumia kumpeleka mtu kwenye tovuti bandia ilhali ameandika anwani sahihi. Kaminsky aliwaendea watengenezaji wakuu, wakafanya kazi kwa siri, na Julai 8 wakatoa masasisho kwa pamoja. Aliwaomba wenzake wasikisie hadharani hadi Agosti, awaeleze mwenyewe. Maelezo yalivuja kabla ya wiki mbili kwisha, lakini dawa tayari ilikuwa mikononi mwa watu.

Ukiwa na taarifa ya namna hiyo, andika toleo la programu, hatua za kuirudia kasoro, na madhara unayoyaona. Tovuti nyingine huweka faili la security.txt linaloonyesha pa kuripoti. Na usijaribu kasoro kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa yake. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai, hata kama nia yako ilikuwa njema.

Dhana: Ukishafuta jina, hakuna atakayemjua mhusika

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu anayeumia huwa hayupo kwenye mazungumzo. Mtu anaomba msaada, anaweka picha ya skrini au kumbukumbu za seva (rekodi za shughuli zake), jina kalipaka rangi, lakini kaacha anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho mtandaoni), namba ya akaunti, au saa kamili ya tukio.

Mwaka 1997 Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi huko Massachusetts, alichukua rekodi za matibabu zilizoondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapigakura, akampata gavana William Weld. Alihitaji tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu. Mwaka 2006 AOL ilitoa mamilioni ya maneno yaliyotafutwa na watumiaji takriban 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Siku chache baadaye waandishi wa habari walikuwa wamembaini mmoja wao na kufika kwake.

Hata kukata picha si kinga kamili. Mwaka 2023 ilibainika kwamba zana ya kuhariri picha katika simu za Pixel ilikuwa ikiacha data ya sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na sehemu hiyo iliweza kurudishwa. Rangi ya kufutia nayo iwe nzito kabisa. Ile inayopitisha mwanga huonyesha maandishi mtu akiongeza mng'ao. Mimi naona ni afadhali kuandika upya kile kipande kinachohitajika, kwa data ya kubuni.

Dhana: Ipo programu moja iliyo salama kuliko zote

Salama dhidi ya nani? VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva zake, humficha mtoa huduma wa intaneti tovuti unazotembelea, lakini imani yote inahamia kwa mwenye VPN. Swali lisilomtaja adui halina jibu la kweli.

Dhana: Nywila ibadilishwe kila baada ya miezi mitatu

NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliachana na ushauri huo mwaka 2017. Watu wakilazimishwa hubadilisha tarakimu ya mwisho tu. Chagua nywila ndefu isiyotumika kwingine, na uibadilishe ukiwa na dalili kwamba imevuja.

Dhana: Aliyenaswa na walaghai ni mzembe

Machi 2025 Troy Hunt, mwanzilishi wa Have I Been Pwned, huduma inayowajulisha watu data zao zikivuja, alinaswa na barua pepe ya kitapeli iliyompeleka kwenye tovuti bandia. Alikuwa amechoka kwa safari. Kitunza nywila chake, programu inayohifadhi nywila na kuzijaza kwenye tovuti halisi tu, hakikuijaza nywila chenyewe, na hiyo ilikuwa dalili kwamba tovuti si halisi, lakini aliingiza taarifa zake kwa mkono. Orodha ya wasomaji wake wapatao 16,000 ikapakuliwa. Siku hiyohiyo aliandika hadharani kilichotokea na kuwaarifu waliohusika.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayechekwa leo ndiye atakayeficha kesho, huku mwizi akiendelea kusoma barua zake. Kwa hiyo mtu akija na kusema amebofya kiungo kibaya, maneno ya kwanza yawe haya: badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha angalia kama barua pepe yako haijawekewa agizo la kupeleka nakala kwa mtu usiyemjua.